Video za mtandaoni: Neema na nakama kwa wanyamapori

MWEZI Julai 2025, video fupi iliyopigwa kando ya Mto Mara, upande wa Serengeti nchini Tanzania, ilisambaa duniani kote kwa siku chache tu. Haikuonyesha mamba akimkamata nyumbu wala simba akivizia kichakani. Ilionyesha watu. Watalii wengi walikuwa wameshuka kutoka kwenye magari na kujipanga ukingoni mwa mto, simu na kamera mikononi, pale pale ambapo nyumbu walikuwa wakitafuta njia ya kushukia majini. Baadhi ya wanyama hao, walipozibiwa njia, walilazimika kujirusha mtoni kutoka kwenye kingo za mteremko mkali.

Lawama zilitoka kila pembe, na mamlaka za Tanzania zikalazimika kutoa kauli. Lakini kuna kinaya katika kisa hicho ambacho hakikuzungumziwa sana. Watalii hao walivutwa na nini hata wakasafiri maelfu ya kilomita ili wasimame ukingoni pale? Bila shaka wengi wao walikuwa wameona kwanza, wakiwa makwao, video za nyumbu wakivuka mto huo huo. Video iliwaleta, wakaja kupiga video zao, na hatimaye video nyingine ndiyo iliyowafichua.

Mzunguko huo ndio kiini cha makala haya. Video za safari zinazowekwa kwenye mtandao zimeufaa utalii wa wanyamapori kwa njia nyingi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka zikome. Hata hivyo, zina kasoro moja kubwa: bidhaa inayouzwa na video hizi ni ukaribu, ilhali uhifadhi wa wanyamapori unategemea umbali. Mvutano baina ya mambo hayo mawili ndio unaoamua iwapo mnyama atanufaika au ataangamia kwa sababu ya umaarufu wake.

Kutoka bunduki hadi kamera

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tangu hapo, mgeni anayezuru mbuga zetu hurudi kwao na picha, si ngozi wala pembe. Filamu zilisaidia sana kuitangaza nchi hata kabla ya marufuku hayo. Filamu ya mwaka 1966 kuhusu simba jike Elsa, iliyopigwa humu nchini, iliwafanya watu wengi wa ng'ambo waanze kumwona simba kama kiumbe anayestahili huruma.

Lakini filamu za enzi hizo zilitengenezwa na watu wachache waliobobea. Walikaa porini kwa miezi, walibeba lenzi ndefu, na walihitaji vibali na waongozaji.

Hali ilibadilika baada ya tovuti ya YouTube kuanzishwa mwaka 2005. Mfano unaotajwa mara nyingi ni video inayojulikana kama "Battle at Kruger", iliyopigwa na mtalii wa kawaida katika Mbuga ya Kitaifa ya Kruger, Afrika Kusini, mnamo Septemba 2004 na kuwekwa mtandaoni Mei 2007. Katika muda wa dakika nane hivi, mtazamaji anaona simba wakimkamata ndama wa nyati kando ya bwawa, mamba akijaribu kuwapokonya, kisha kundi zima la nyati likirejea na kumkomboa ndama huyo akiwa hai. Video hiyo imetazamwa zaidi ya mara milioni 80, na mwaka 2008 ilitengenezewa kipindi maalumu cha televisheni.

Funzo ambalo ulimwengu ulipata ni kwamba mtu yeyote mwenye kamera ndogo na bahati anaweza kupata watazamaji wengi kuliko kampuni kubwa ya filamu. Simu za mkononi zenye kamera zilipoenea na mitandao ya kijamii ikazidi kupanuka, kila mgeni mbugani aligeuka kuwa mtangazaji.

Neema yake

Si haki kuanza na ubaya. Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 2.4 mwaka 2024, na mapato ya utalii yakafikia Sh452 bilioni. Ingawa hakuna anayeweza kupima ni wangapi kati yao walivutwa na video, kampuni za utalii, hoteli na Bodi ya Utalii yenyewe hutegemea mtandao kujitangaza, na video ndiyo nyenzo inayofika mbali zaidi kwa gharama ndogo.

Fedha hizo si za wenye hoteli pekee. Kando ya Mbuga ya Maasai Mara kuna hifadhi za jamii, ambamo maelfu ya wenye ardhi wa jamii ya Wamaasai wamekodisha mashamba yao kwa kampuni za utalii na kulipwa kwa ekari. Malipo hayo ndiyo yanayomfanya mwenye shamba asilizungushie ua au kuligeuza konde la ngano. Janga la Covid-19 lilipofunga mipaka mwaka 2020, wageni walitoweka na hifadhi kadhaa zikalazimika kupunguza malipo ya kodi. Mwaka huo ulithibitisha kwamba mgeni asipokuja, mnyama hukosa mlezi.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa sababu zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za serikali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa idadi ya wanyama wakubwa katika nyanda za malisho nchini ilipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977. Chochote kinachompa mwenye ardhi sababu ya kumvumilia mnyama ni neema.

Aidha, mtandao umekusanya michango kutoka kwa watu ambao hawatawahi kukanyaga Afrika. Kifaru dume Sudan, aliyekuwa wa mwisho katika jamii ya vifaru weupe wa kaskazini, alijulikana dunia nzima kupitia picha na video kutoka hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Mwaka 2017 alitangazwa hata kwenye programu ya simu ya kutafutia wachumba, kwa mzaha wenye shabaha: kuchanga fedha za utafiti wa njia za kisayansi za kuzalisha jamii hiyo. Sudan alifariki Machi 19, 2018, akawaacha Najin na bintiye Fatu, lakini utafiti huo haukufa naye.

Vivyo hivyo, kituo cha Sheldrick jijini Nairobi kinacholea ndovu mayatima hupokea michango ya walezi wa mbali, ambao hutumiwa habari, picha na video za ndovu waliojitolea kuwagharimia. Mlezi anaweza kuwa Osaka au Toronto. Anamjua ndovu wake kwa jina, na wala hajamgusa.

Mfano huo wa mwisho unafaa kukumbukwa. Unaonyesha kwamba video inaweza kujenga mapenzi kati ya mtu na mnyama bila kumsogeza mtu karibu na mnyama. Matatizo huanza pale mapenzi hayo yanapodai kuguswa.

Kwa nini simu humsogeza mtu karibu

Ili kuelewa madhara, ni muhimu kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda mbugani.

Kwanza ni suala la lenzi. Mpigapicha mwenye lenzi ndefu anaweza kuketi mbali na kupata sura ya simba ikijaa picha. Simu ya mkononi haina uwezo huo. Kwa umbali wa mita 25, ambao ndio unaotakiwa na kanuni za Maasai Mara, simba kwenye simu nyingi huonekana kama paka aliyelala nyasini. Mwenye simu hana njia nyingine ila kumwambia dereva: sogea kidogo. Na gari la pili likisogea, la tatu nalo halina budi kusogea, maana sasa limezibwa.

Pili ni suala la wingi. Zamani habari za mahali alipo chui zilienezwa na madereva kwa redio za magari. Siku hizi picha inaweza kufika mtandaoni kabla mnyama hajaondoka alipokuwa. Mnamo Septemba 2019, mtoto wa pundamilia mwenye madoa badala ya milia alionekana katika Maasai Mara. Akaitwa Tira, kwa jina la mwongoza watalii aliyemtambua. Picha zake zilienea duniani, na punde si punde magari yakawa yanamiminika kumtafuta mtoto huyo aliyekuwa bado ananyonya. Mnyama ambaye rangi yake tayari ilimfanya atambulike kwa urahisi na simba, aliongezewa mzigo wa umaarufu.

Afrika Kusini iliuona mtego huu mapema. Mwaka 2016 shirika linalosimamia mbuga za kitaifa za nchi hiyo lililalamikia programu za simu zinazowaonyesha watalii mahali wanyama walipoonekana. Magari yalikuwa yakienda kasi kuwahi, wanyama wakagongwa barabarani, na msongamano ukazidi.

Tatu ni jinsi mitandao yenyewe inavyochagua cha kuonyesha. Programu za mitandao ya kijamii husukuma mbele video zinazowafanya watu wasibanduke. Twiga anayekula majani kwa utulivu hawezi kushindana na duma aliyepanda juu ya gari la watalii. Mtengenezaji wa video huona nambari, hujua kilichopendwa, na safari ijayo hutafuta kilicho kikali zaidi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Watoto wa duma

Madhara ya msongamano si dhana tu. Maasai Mara ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo athari ya watalii kwa mnyama mmoja imepimwa kwa makini.

Mtafiti Femke Broekhuis alifuatilia duma majike katika Mara na hifadhi za jamii zinazoizunguka kati ya mwaka 2013 na 2017. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Katika sehemu zenye watalii wachache, duma jike alifaulu kulea kwa wastani watoto 2.30 katika kila uzazi hadi wakajitegemea. Katika sehemu zenye watalii wengi, wastani ulikuwa watoto 0.21. Kwa lugha nyepesi, pale penye magari mengi, ilihitajika mizao mitano hivi ili apatikane mtoto mmoja wa kukua.

Utafiti huo haukupata ushahidi kwamba magari yaliwaua watoto hao moja kwa moja. Sababu zinazodhaniwa ni za taratibu zaidi. Duma huwinda mchana, saa zile zile ambazo watalii wako mbugani. Hutegemea kunyemelea, kisha mbio za muda mfupi ambazo humchosha kabisa. Gari likikatiza wakati ananyemelea, swara hukimbia na mama hubaki na njaa. Magari yakimzunguka anapokula, yanaweza kuwaonyesha fisi na simba mahali nyama ilipo. Na mama anayehamahama kukwepa msongamano anaweza kupotezana na watoto ambao hawajui kujilinda.

Duma waliokomaa waliosalia duniani wanakadiriwa kuwa takriban 7,000. Jamii ndogo kiasi hicho haiwezi kumudu kupoteza watoto kwa sababu ya foleni ya magari. Linalosikitisha zaidi ni kwamba kila mtu katika foleni ile anampenda duma. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumdhuru.

Nyumbu na mto

Nyumbu nao wana mambo yao, na ni vyema kutenganisha kifo cha kawaida na kile kinachosababishwa na binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nyumbu wapatao 6,250 hufa maji katika Mto Mara kila mwaka. Mizoga yao huwalisha tumbusi, mamba na samaki, na mifupa hurutubisha mto kwa miaka mingi. Kufa kwa nyumbu mtoni ni sehemu ya maisha ya mto wenyewe.

Lakini nyumbu hawavuki ovyo. Kundi husimama ukingoni, wakati mwingine kwa saa nyingi, likisitasita hadi mmoja atangulie. Hutafuta mahali ambapo panashukika, na ng'ambo panapandika. Magari au watu wakiziba mahali hapo, kundi hurudi nyuma au hukimbilia penye mteremko. Wakiwa tayari majini na wakakuta njia ya kupandia imezibwa, waliotangulia hugeuka huku wa nyuma wakizidi kuingia, na wadogo hukanyagwa.

Mtazamaji wa video hayaoni hayo. Kamera huelekezwa mtoni, na magari hubaki nyuma yake. Video elfu moja za Mto Mara zinaweza kumfanya mtu aliye ughaibuni aamini kuwa atasimama pale peke yake, yeye na nyumbu na machweo. Akifika na kukuta magari hamsini, hahisi kwamba yeye ni sehemu ya msongamano. Huhisi kwamba amedhulumiwa, naye humshurutisha dereva atafute upenyo. Usione vyaelea, vimeundwa.

Bia, karoti na sokwe

Ukaribu una madhara mengine ambayo hayategemei wingi wa watu. Mtu mmoja anatosha.

Mnamo Agosti 2025, mtalii mmoja wa kigeni aliweka mtandaoni video iliyomwonyesha akimimina bia kwenye mkonga wa ndovu dume katika hifadhi moja ya Laikipia. Video nyingine zake zilimwonyesha akiwalisha vifaru karoti. Wakenya walighadhabika, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likatangaza uchunguzi, na wasimamizi wa hifadhi wakaeleza kwamba wageni hawaruhusiwi kuwakaribia ndovu, seuze kuwanywesha. Video hizo ziliondolewa.

Wengine waliona kwamba huo ulikuwa utani tu. Lakini ndovu aliyezoea kupewa kitu na binadamu huja kumtafuta binadamu. Huingia kambini, huvunja ghala, na siku akimjeruhi mtu, hupigwa risasi. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na mbuga wanaelewa vyema maana ya ndovu asiyemwogopa mtu.

Kwa masokwe wa milimani wa Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hatari kubwa ni maradhi. Masokwe ni jamaa wa karibu wa binadamu, na mafua ya kawaida kwetu yanaweza kuwaua. Kwa miaka mingi kanuni iliwataka wageni wakae umbali wa mita saba. Watafiti waliochunguza picha 858 za watalii wakiwa na masokwe, zilizowekwa kwenye mtandao wa Instagram kati ya mwaka 2013 na 2019, waligundua kwamba katika asilimia 86 ya picha hizo watu walikuwa ndani ya mita nne. Wakati mwingine ni sokwe mwenyewe anayesogea. Lakini mtu anayetaka picha ya kuwatambia wenzake hasogei nyuma.

Anachojifunza mtazamaji

Kuna dhara lingine ambalo hutokea mbali kabisa na mbuga, akilini mwa mtazamaji.

Watafiti nchini Marekani walifanya jaribio rahisi ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Watu walionyeshwa picha ya sokwe mtu. Wengine waliona sokwe huyo akiwa peke yake, wengine wakaona picha ile ile lakini ikiwa na mtu amesimama kando yake. Walioona mtu kando ya sokwe waliongoza kwa asilimia 35.5 katika kuamini kwamba sokwe wa porini ni wengi na hawamo hatarini. Pia walielekea zaidi kumwona kama mnyama anayefaa kufugwa nyumbani. Kumbe hata kusimama tu kando ya mnyama kunamwambia mtazamaji kwamba hakuna haja ya kuwa na wasiwasi.

Kisa cha lorisi wa Asia ni ushahidi mwingine. Huyu ni mnyama mdogo wa usiku, wa ukoo ulio karibu na komba wetu, mwenye macho makubwa na mwendo wa pole. Mwaka 2009 video ya lorisi aliyekuwa akitekenywa kwapani iliwekwa mtandaoni na kupendwa na mamilioni ya watu. Watafiti walipochambua maoni zaidi ya 12,000 yaliyoandikwa chini ya video hiyo, walikuta watazamaji wengi wakisema wangetaka kumiliki mnyama kama huyo. Biashara ya kimataifa ya lorisi ilikuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 2007. Wanaouzwa kisirisiri hung'olewa meno kwa sababu wana sumu, na wengi hufa. Mikono aliyokuwa ameiinua, iliyowafurahisha watazamaji, ndiyo namna ambavyo lorisi hujilinda anapoogopa.

Ni haki kutaja kwamba maoni hayo yalibadilika baada ya wataalamu na watu mashuhuri kuanza kueleza ukweli kuhusu mnyama huyo. Wanaotaka kumfuga walipungua, na waliotaja uhifadhi wakaongezeka. Maelezo sahihi yana nguvu, mradi yaandamane na picha.

Jangili naye hutazama

Video inaweza pia kufichua mahali. Simu nyingi zina uwezo wa kuhifadhi pamoja na picha alama za mahali ilipopigwa. Hata alama hizo zikizimwa, mlima, mti au kisima kinachoonekana nyuma humtosha mtu anayelijua eneo.

Hofu hii ni kubwa zaidi kwa vifaru. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata vifaru 1,739 nchini Kenya: weusi 897, weupe wa kusini 840 na wale wawili wa kaskazini. Kila mmoja hulindwa kwa gharama kubwa na askari ambao baadhi ya wenzao wamepoteza maisha kazini. Ndiyo maana katika hifadhi kadhaa za vifaru barani Afrika wageni huombwa wazime alama za mahali kwenye simu zao na wasitaje sehemu waliyomwona kifaru. Ombi hilo halimgharimu mgeni hata senti moja.

Dereva kati ya moto miwili

Katika mjadala huu, lawama nyingi humwangukia dereva au mwongoza watalii. Ni yeye aliyeendesha gari hadi pale, wanasema watu. Hilo ni kweli, lakini hali yake inafaa kueleweka.

Waongozaji wengi hawaajiriwi kwa kudumu. Hulipwa kwa safari, na sehemu muhimu ya mapato yao ni bakshishi ambayo mgeni hutoa siku ya mwisho. Mgeni aliyerudi bila video aliyoiota anaweza kutoa kidogo au kukosa kutoa kabisa, kisha akaandika malalamiko mtandaoni ambayo mwajiri atayasoma. Kwa upande mwingine, kanuni za mbuga zinamtaka asitoke barabarani, asimsumbue mnyama, na zinamtoza faini akikiuka. Akitii anakosa bakshishi. Akikiuka, faini haimpati kila mara, lakini bakshishi humpata papo hapo.

Kwa hivyo, mwongozaji mwaminifu ndiye anayeumia kwanza. Humwona mwenzake akikatiza nyasi na kusimama mbele yake, wageni wa gari lile wakishangilia, huku wageni wake wakimuuliza kwa nini wamekaa mbali.

Wapo wanaojitahidi kubadilisha hali hiyo. Chama cha Waongozaji Watalii wa Kenya, KPSGA, kilichoanzishwa mwaka 1996, huwatahini wanachama katika daraja tatu za shaba, fedha na dhahabu. Mwongozaji mwenye ujuzi anaweza kumweleza mgeni kwa nini ni bora kusubiri, na mara nyingi subira hiyo humpa mgeni mandhari mazuri kuliko ya wale waliokimbilia mbele. Lakini mtihani hauwezi kushinda bakshishi ikiwa mwajiri na mgeni hawako upande wa mwongozaji.

Hatua zilizopo

Kanuni hazikosekani. Katika Mara Triangle, sehemu ya magharibi ya mbuga hiyo inayosimamiwa na shirika la Mara Conservancy tangu mwaka 2001, magari yasiyozidi matano huruhusiwa kumzunguka mnyama mmoja, na mengine yakiwa yanasubiri, kila moja hupewa dakika 10. Hifadhi za jamii zinazopakana na mbuga huwekea mipaka idadi ya vitanda kulingana na ukubwa wa ardhi, hivyo magari huwa machache tangu mwanzo. Kurusha ndege ndogo za kamera zisizo na rubani mbugani bila kibali ni marufuku.

Serikali ya Kaunti ya Narok nayo ilipandisha ada ya kiingilio mwaka 2024 hadi dola 200 za Marekani kwa siku kwa mgeni asiye mkazi, kuanzia Julai hadi Desemba, miezi ambayo ndani yake nyumbu huwa Mara. Nusu ya kwanza ya mwaka ada ni dola 100. Baada ya sokomoko la Julai 2025, Wizara ya Utalii na Wanyamapori ilisisitiza kwamba wageni wasishuke kutoka kwenye magari penye vivuko, na kwamba kanuni zitatekelezwa kwa ukali.

Mitandao pia imechukua hatua, ingawa ndogo. Tangu Desemba 2017, Instagram ilianza kumwonyesha onyo mtu anayetafuta picha za watu waliokumbatia wanyamapori wa aina fulani.

Linalokosekana ni utekelezaji wa kila siku na ushirikiano wa wenye magari. Kampuni ya utalii ikimweleza mgeni kabla hajapanda ndege kwamba gari lake litakaa mita 25 kutoka kwa mnyama, na kwamba halitatoka barabarani hata kwa bakshishi, mwongozaji hufika mbugani akiwa na ngao. Ikimwahidi ukaribu katika matangazo yake, imempa mwongozaji huyo jukumu la kuvunja kanuni kwa niaba yake.

Wajibu wetu

Yote haya hayawahusu wageni wa ng'ambo pekee. Wakenya wengi sasa huzuru mbuga zao wakati wa likizo, kuanzia Nairobi hadi Tsavo, na simu zetu hazitofautiani na zao. Ni sisi tunaowarushia nyani ndizi kupitia dirishani ili tupate kichekesho cha kuwatumia jamaa. Ni sisi pia tunaosambaza video bila kuuliza ilivyopatikana.

Mzuru mbuga anaweza kufanya mambo machache ambayo hayahitaji sheria mpya. Abaki ndani ya gari. Asimhimize dereva asogee, na dereva akikataa kusogea, amwongeze bakshishi badala ya kumpunguzia. Azime alama za mahali. Asubiri siku kadhaa kabla ya kuweka mtandaoni picha ya mnyama adimu. Na akiona magari yamemzunguka duma mwenye watoto, amwombe dereva wake aondoke. Huenda hiyo ndiyo huduma kubwa zaidi atakayomfanyia mnyama huyo maishani.

Mtazamaji aliye nyumbani naye ana kura yake. Kila anapobonyeza, kusifu na kusambaza, anaujulisha mtandao kitu cha kutafuta tena. Kabla ya kufanya hivyo, na ajiulize swali moja: aliyepiga video hii alikuwa amesimama wapi? Kama jibu ni kwamba alikuwa amesimama mahali ambapo mnyama alitaka kupita, video hiyo haifai kupewa mtazamaji wa pili.